Sumaku itashika kilo ngapi? Namba ya muuzaji, hesabu ya mkono, kompyuta au mizani ya samaki

Kaskazi ikishika, kazi moja hunifuata kila mwaka: milango inayojibamiza. Nyumba za pwani ya Unguja, kuanzia Nungwi mpaka Jambiani, huachwa wazi mbele na nyuma ili upepo upite, na mlango usiozuiwa hupiga ukuta mchana kutwa mpaka bawaba zikalegea na plasta ikamomonyoka. Wazee waliweka jiwe. Siku hizi mwenye nyumba anataka sumaku: yenyewe inafungwa ukutani, kibati cha chuma kinatiwa skrubu mlangoni, na mlango ukifunguka wote unanaswa hapo mpaka mtu auvute. Swali lake huwa moja: "Fundi, itashika?"

Kusema itashika ni rahisi. Kusema itashika kilo ngapi ndiyo kazi, na zipo njia nne za kupata jibu: kusoma namba aliyoandika muuzaji, kupiga hesabu kwa karatasi na kikokotoo, kuichora kazi ndani ya programu ya kompyuta, au kuivuta sumaku kwa mizani. Mimi nazitumia zote. Ila kila moja inajibu swali lake, na mtu akichanganya maswali atanunua sumaku isiyofaa, kama nilivyonunua mimi mara ya kwanza.

Ili zilinganike, nitazipitisha zote juu ya sumaku moja niliyonayo mezani: kidonge cha neodimiamu, kipenyo milimita 20, unene milimita 10, daraja N42 (alama ya ukali wa sumaku).

Mlango wenyewe unataka kilo ngapi

Hapa watu huruka, na hapa ndipo pa kuanzia. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, ukikutana na mlango uso kwa uso unausukuma kwa paskali 60 hivi. (Chukua uzito wa hewa, kilo 1.2 kwa kila mita ya ujazo, ugawe nusu, kisha uzidishe kwa mwendo mara mwendo.) Mlango wa sentimita 90 kwa 210 una karibu mita za mraba 1.9, kwa hiyo msukumo wote ni niutoni 113. Msukumo huo ni kama umekaa katikati ya mlango. Sumaku iko ukingoni, mbali na bawaba mara mbili zaidi, kwa hiyo inabeba nusu yake. Hiyo ni niutoni 57, sawa na kilo 5.8.

Upepo ukifika mita 15 kwa sekunde, hesabu hiyohiyo inatoa kilo 13. Mwendo umeongezeka nusu tu, mzigo umezidi maradufu. Kweli, mlango uliolala karibu na ukuta haupigwi uso kwa uso, kwa hiyo hizi ni namba za tahadhari. Lakini kuna upande wa pili: bibi wa nyumba naye lazima aweze kuufunga. Mlango unaotaka kilo 13 ukingoni ndipo uachie utamsumbua kila jioni. Kwa hiyo mimi hutafuta kitu kati ya kilo 6 na 9, na hapo kukisia hakutoshi tena.

Namba ya muuzaji

Kidonge changu kinauzwa kwa namba ya kilo 11 hivi. Namba hiyo si ya uongo. Imepatikana kwa sumaku mpya iliyowekwa juu ya bamba nene la chuma laini, lililosawazishwa vizuri, lisilo na rangi wala kutu, kisha ikavutwa moja kwa moja, polepole, mpaka ikaachia. Mlango wenye hali hiyo sijauona bado.

Ninaipenda namba hii kwa jambo moja: kulinganisha sumaku mbili za muuzaji mmoja, maana zote zimepimwa kwa bamba lake lilelile. Nje ya hapo inaficha mengi. Haikwambii kwamba ni nguvu ya kuvuta kwenda mbele, na kwamba sumaku ikitakiwa kuzuia kitu kisiteleze kwenda chini, kinachoshika pale ni msuguano peke yake. Nikeli juu ya chuma hutoa kama sehemu moja kwa tano. Ukitengeneza kibao cha kubandikia visu jikoni kwa sumaku za kilo 10, hesabu kilo 2 kwa kila moja.

Haikwambii pia chuma chako ni chuma gani. Vyuma visivyoshika kutu vinavyofungwa kwenye boti na mahoteli, daraja 304 na 316, karibu havivutwi kabisa. Daraja 430 huvutwa. Vyote vinang'aa sawasawa dukani, kwa hiyo nenda na sumaku mfukoni na ujaribu kabla hujalipa.

Hesabu ya mkono

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na nitakaa nayo zaidi.

Kanuni inatokana na kazi ya James Clerk Maxwell, mwanafizikia wa karne ya 19:

F = B² × A ÷ (2μ₀)

B ni ukali wa uga wa sumaku (uga ni eneo ambamo nguvu ya sumaku inafika) pale sumaku inapokutana na chuma, kwa tesla. A ni eneo la uso, kwa mita za mraba. μ₀ ni 0.000001257. Jibu ni niutoni. Ukiipanga kwa vipimo vya karakana, inakuwa fupi: kilo ni sawa na 4 × B × B × sentimita za mraba. Tesla moja juu ya sentimita moja ya mraba inashika kilo 4. Hiyo inakaa kichwani hata ukiwa umesimama dukani Darajani.

Ugumu wote uko kwenye B. Kuna makosa mawili, na yanakwenda pande mbili.

La kwanza ni kuchukua namba ya daraja la sumaku. N42 ina Br ya tesla 1.3, namba ya kupendeza. Uso wa kidonge changu ni sentimita za mraba 3.14. Piga: 4 × 1.3 × 1.3 × 3.14, unapata kilo 21. Mara mbili ya ukweli. Br ni kiasi ambacho dongo la sumaku lenyewe linaweza kubaki nacho likiwa halivuji popote. Kidonge kifupi huvuja pembeni sana.

La pili ni kupima uga juu ya sumaku ikiwa hewani. Kwa kidonge hiki, katikati ya uso wake, ni tesla 0.46. Piga tena: unapata kilo 2.7. Robo ya ukweli. Mtu akiona hivyo anakwenda kununua sumaku kubwa mara nne, halafu mlango haufungiki.

Sababu ya kosa hili ni nzuri kuijua. Chuma hakikai tu kungoja kuvutwa. Kikisogezwa, kinaunyonya uga na kuupa njia nyepesi, na matokeo yake ni kama umesimamisha sumaku mbele ya kioo: nyuma ya uso wa chuma panakuwa kama pana sumaku nyingine pacha inaitazama ya kwanza. Uga pale katikati yao unakuwa mara mbili, tesla 0.92. Na kwa kuwa B inazidishwa kwa yenyewe, uga mara mbili ni nguvu mara nne: kilo 10.8. Rudi kwenye namba ya muuzaji uone, kilo 11. Siku nilipozipata hizo namba mbili zikakutana kwenye daftari langu nilifurahi kama mtoto wa skuli.

Kwa kidonge cha duara, pacha akiwa ameshahesabiwa, uga ni huu:

B = Br × [ (L+z) ÷ √(R² + (L+z)²) − z ÷ √(R² + z²) ]

L ni unene wa sumaku, R ni nusu ya kipenyo, z ni pengo kati ya sumaku na chuma. Vyote viwe milimita. Fomula inachukua uga wa katikati na kuueneza uso mzima, kwa hiyo ni makadirio, lakini ni makadirio ya kuaminika kwa vidonge visivyo vyembamba sana.

Sasa weka mapengo. Sumaku ikigusa chuma kitupu, kilo 10.8. Rangi ya mafuta mikono miwili juu ya praima, tuseme jumla milimita 0.3, inabaki 10.2. Pengo la milimita 1, kilo 8.8. Milimita 2, kilo 7. Milimita 5, kilo 3.2. Milimita 10, haifiki hata kilo moja. Angalia mteremko huo. Kibati kilichokaa upande kidogo kwa sababu mlango umepinda, chembe ya mchanga, kutu iliyovimba chini ya rangi, kila kimoja ni nusu milimita hapa, milimita pale. Muuzaji hakukuuzia jedwali hili. Unalitengeneza mwenyewe kwa dakika kumi.

Kinachoishinda hesabu hii ni unene wa chuma. Pacha wa kwenye kioo hutokea chuma kikiwa kinene. Chuma chembamba hushiba: kikifika kama tesla 1.8 hadi 2 hakibebi tena, na uga unaobaki unatokea upande wa pili bure. Unaweza kukisia unene unaohitajika. Uga wote unaoingia, 0.92 mara eneo la uso, lazima utokee pembeni kupitia duara la ukingo wa sumaku, yaani mzingo mara unene wa kibati. Kwa kidonge changu inakuja kama milimita 2.5. Kibati cha milimita 3 kinatosha, cha milimita 1 kimeshashiba, na bati la kuezekea, ambalo ni kama thuluthi ya milimita, linabeba sehemu moja kwa nane tu ya kinachotakiwa. Ndiyo maana sumaku inayokung'ang'ania mkononi ukiwa karibu na nondo inang'oka kwa kidole kimoja juu ya bati.

Kompyuta

Programu ninayoitumia inaitwa FEMM, ya David Meeker, na haiuzwi. Mtu anaipakua bure. Unachora nusu ya kidonge na nusu ya kibati kama umevikata kwa msumeno, programu inavizungusha yenyewe kuwa duara. Unachagua chuma na daraja la sumaku kutoka kwenye maktaba yake, unaiambia mpaka wa hewa uko wapi, na baada ya sekunde chache inakupa nguvu kwa niutoni.

Faida yake ni ile iliyoishinda karatasi: inajua chuma kinavyoshiba. Kibati cha milimita 1, sumaku iliyotiwa ndani ya kikombe cha chuma, pengo na chuma chembamba pamoja, yote inayabeba. Pia unaona mistari ya uga inavyopenya nyuma ya kibati, na ukishaiona mara moja hutanunua tena kibati chembamba.

Lakini inachora kwa pande mbili tu. Kidonge kilichokaa katikati ya kibati cha duara ni sawa. Sumaku ya mstatili iliyokaa pembeni mwa flati ndefu, hapana. Na inaamini unachoiambia. Ukiandika pengo la sifuri itakupa jibu la pengo la sifuri. Kwa mtu anayeanza, siku mbili tatu zitakwenda kuijifunza. Kwa mlango mmoja haina maana hiyo. Kwa milango 40 ya hoteli, ambapo kibati kimoja kikikosewa vinakosewa vyote, siku hizo zinalipa.

Mizani

Nilinunua mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano wanayopimia samaki, na ndiyo chombo kilichonifunza kuliko vyote. Nafunga kile kibati chenyewe kitakachokwenda mlangoni, na rangi yake, kwenye kipande cha mbao, mbao naibana kwenye jiliwa. Sumaku iko ndani ya kishikio chake, kishikio kina tundu, ndoano inaingia. Navuta taratibu, macho kwenye mshale. Inapoachia, inaachia ghafla, kwa hiyo uso usiwe juu ya mizani, na kidole kisikae kati ya sumaku na chuma. Mwenzangu mmoja alibanwa kucha na sumaku mbili za neodimiamu, kucha ikatoka.

Navuta mara tano, na namba ndogo kuliko zote ndiyo naiandika. Mlango hautauvumilia upepo kwa wastani.

Kwa mapengo natumia karatasi za ofisi. Karatasi moja ya kawaida ni kama milimita 0.1, kumi ni milimita moja. Weka karatasi tatu, vuta; kumi, vuta; ishirini, vuta. Kwenye bamba la milimita 6 namba zangu zilifuatana na zile za fomula, chini kidogo. Kwenye kibati cha milimita 1, kilekile nilichokuwa nafunga kwenye milango ya watu, sumaku ya "kilo 11" iliachia kabla mshale haujafika 6. Pale ndipo nilipoelewa kwa nini mlango wa kwanza nilioufunga ulirudi kubamiza wiki ileile. Mwenye nyumba aliniita, nikaenda nikabadilisha kibati, sumaku nikaiacha ileile.

Kasoro ya mizani ni kwamba lazima uwe umeshanunua. Haikusaidii kuchagua kati ya sumaku usizonazo. Na inapima leo. Haijui miaka miwili ya chumvi.

Chumvi, na uchaguzi wa sumaku yenyewe

Fomula ileile inakwambia tofauti ya aina. Feraiti, sumaku nyeusi ya spika na redio, ina Br ya tesla 0.39 hivi. Kidonge cha ukubwa uleule kikiwa cha feraiti kingeshika kilo moja tu, palipo na 10.8 za neodimiamu. Mtu akiziona hizo namba hafikirii tena feraiti.

Afikirie. Neodimiamu ndani yake ina chuma kingi, na kinachoilinda ni ngozi nyembamba ya nikeli. Ikigongwa kila siku na mlango, ngozi inapasuka ukingoni, na hewa ya bahari ikiingia inaanza kuvimba na kumeguka unga. Nimetoa ukutani sumaku iliyopitiwa na masika moja tu, ikamenyeka mkononi kama biskuti. Feraiti ni udongo wa oksidi uliochomwa. Haishiki kutu hata ukiizamisha. Joto nalo: neodimiamu ya daraja la kawaida mwisho wake nyuzi 80 za Selsiasi, feraiti inafika 250.

Kwa mlango wa nje unaotazama bahari, ninachokifunga ni sumaku iliyotiwa ndani ya kikombe cha chuma, ikazibwa kwa epoksi. Kikombe kinaukusanya uga na kuurudisha pembeni, kwa hiyo sumaku ndogo inashika sana ikigusa. Ila pengo likizidi milimita moja mbili, nguvu yake huanguka haraka kuliko ya kidonge kitupu. Kikombe kinataka mlango uliokaa sawa. Mlango uliopinda upe kidonge kitupu, kikubwa.

Kwa hiyo, mlango mmoja au miwili: fomula nifanye sokoni kabla ya kulipa, mizani nifanye karakana kabla ya kufunga, na namba ya muuzaji niitumie kuchagua kati ya ndugu wawili wa rafu moja. Chuma chini ya milimita 2, sumaku za kikombe, au kazi ya vipande vingi: kompyuta, kisha mizani kwa kipande cha kwanza.

Misumari ya Nungwi

Mwaka jana mzee mmoja anayeunda mashua Nungwi alinipa kazi iliyonitoa kwenye milango. Chombo kikishatiwa maji, mchanga unabaki na misumari, na watoto wanapita peku. "Nataka kitu cha kukokota, mwanangu. Kipite juu ya mchanga, kizoe."

Nilikwenda na neodimiamu zangu. Zilizoa misumari iliyokuwa juu, iliyofukiwa vidole viwili hazikuigusa. Nikarudi kwenye daftari. Pale hakuna bamba, kwa hiyo hakuna pacha. Msumari unavutwa kwa ukali wa uga pale ulipo na kwa jinsi uga unavyopungua kwa kasi. Kidonge changu, umbali wa milimita 30 hewani, kinabakiwa na tesla 0.014. Bapa la feraiti la kipenyo cha milimita 100 na unene 20, ambalo usoni mwake lina 0.07 tu, umbali uleule lina karibu 0.038. Mara mbili na nusu zaidi, na kasi ya kupungua karibu ni ileile. Uga hufika mbali kadiri sumaku ilivyo pana. Sumaku ndogo kali nguvu zake zote ziko mlangoni kwake.

Fundi redio wa jirani alinitolea sumaku tatu za spika mbovu. Zina tundu katikati, kwa hiyo hazifiki hizo namba za bapa, lakini tatu zikapangwa kwenye ubao, chini yake kitambaa cha turubai, juu kamba. Mzee aliburuta mara moja kutoka mahali palipokuwa na mkuku wa mashua mpaka kwenye mnazi. Kisha akainua ubao, akakivua kitambaa, na misumari yote ikadondoka ndani ya kopo kwa mkupuo mmoja. Akaangalia kopo, akageuza ubao, akaanza kuburuta mstari wa pili.